MAZOEA YANA TAABU
Somo la Safari ya Pikipiki Nchini Rwanda



Wengi wetu hudhani kwamba msafiri aendaye nchi ngeni hupata shida kwa sababu ya mambo asiyoyajua: njia asizozijua, lugha asiyoifahamu, watu asiowazoea. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka likizo ya Juni iliyopita nilipopakiwa na mjomba wangu kwa pikipiki kutoka Kahama mpaka Rwanda. Niliyojifunza huko ni kinyume chake. Mambo tusiyoyajua hayakutudhuru, kwa maana tuliyauliza. Yaliyokaribia kutuua ni yale tuliyoyazoea mno hata hatukuona haja ya kuyafikiri.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza jambo hilo kwa taratibu, pamoja na hesabu zake, ili mwenzangu atakayesafiri kesho apate faida bila kulipa gharama tuliyoilipa sisi.

MATAYARISHO

Mjomba ni fundi wa pikipiki. Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, aliolewa Rwamagana, nasi tulikuwa hatujamwona kwa miaka sita. Nilipouliza kwa nini tusipande basi, Mjomba alijibu kwamba fundi asiyethubutu kusafiri kwa pikipiki aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe hafai kuaminiwa na wateja. Basi neno likaisha hapo.

Siku mbili kabla ya safari tuliikagua pikipiki tangu mbele hata nyuma. Tulikaza spoku, tukabadili mafuta ya injini, tukapima ulegevu wa cheni tukiwa wote wawili tumekaa juu yake, kwa kuwa cheni iliyopimwa pikipiki ikiwa tupu hukaza mno ikisha kubeba watu. Tairi la nyuma tuliliongeza upepo kwa ajili ya uzito. Tukachukua tyubu moja ya akiba, plagi, waya wa klachi, pampu ndogo na funguo.

Katika kupakia mizigo niliona faida ya somo la fizikia. Nilikuwa nimefunga begi zito nyuma kabisa ya keria. Mjomba akalifungua. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, hufanya kama mtoto mnene aliyekaa mwisho wa ubao wa bembea: huliinua gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele likiwa jepesi usukani hautii vizuri. Vitu vizito na viwekwe chini, karibu na katikati. Vyepesi ndivyo vikae juu na nyuma.

Kuhusu karatasi, Mjomba alikuwa na leseni, kadi ya pikipiki, pasipoti, na bima iitwayo kadi ya njano, ambayo hutambuliwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini. Mimi, kwa kuwa sijatimiza miaka 18, nilichukua pasipoti pamoja na barua ya idhini ya wazazi. Karatasi zote tulizitia katika mfuko wa plastiki mgumu, wala si rambo, kwa sababu tulikuwa tumeonywa mapema kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko laini ya plastiki tangu mwaka 2008. Hili tulikuwa hatulijui, tukauliza, tukajibiwa. Halikutusumbua.

MPAKANI RUSUMO

Tulilala Lusahunga, mahali ambapo malori ya masafa hupumzika, na kesho yake tukafika Rusumo. Hapo mto Kagera ndio mpaka, nao huanguka kwa kishindo kwenye maporomoko yaliyo karibu kabisa na daraja. Daraja jipya, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, vilizinduliwa rasmi mwezi wa Aprili 2016. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja, hata msafiri asisimame mara mbili.

Baada ya hapo magari hushika mkono wa kulia.

Yafaa tujiulize: kwa nini majirani wawili, wanaokunywa maji ya mto mmoja, wapishane katika jambo hili? Jibu liko katika historia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa katika koloni moja la Wajerumani. Vita vilipokwisha, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, ambao kwao hushika kushoto. Rwanda na Burundi zikawa chini ya Wabelgiji, ambao kwao hushika kulia. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na Rwanda mwaka 1962, lakini kila nchi ilibaki na mkono iliofundishwa. Kwa hiyo Kenya, Uganda na Tanzania hushika kushoto, na Rwanda, Burundi na Kongo hushika kulia.

Kubadili mkono si jambo jepesi. Nchi ya Uswidi ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, na kwa ajili ya siku ile moja taifa zima lilitayarishwa kwa muda wa miaka kadhaa. Sisi tulikuwa tumejitayarisha kwa kikombe kimoja cha chai pale mpakani.

MAZOEA YA KWANZA: SAA

Tulipotoka forodhani saa ya Mjomba ilionyesha saa kumi kasorobo. Simu yangu ilionyesha saa tisa kasorobo. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Mjomba akafurahi, akasema, "Tumeongezewa saa nzima bure!" Kwa furaha hiyo tulisimama sana kutazama maporomoko, na tulipofika Kibungo tukakaa tena tukala mishikaki na ndizi za kuchoma bila haraka.

Ndugu msomaji, saa hubadilika, bali jua halibadiliki. Kwetu Kahama mwezi wa Juni hatulitazamii giza mpaka saa moja hivi. Kule jua lile lile huzama saa kumi na mbili, kwa kuwa ndiyo saa moja yetu. Giza lilitukuta baada ya Kayonza, katikati ya vilima, watu wakitembea kwa miguu kandokando ya barabara na baiskeli zisizo na taa. Tulikwenda polepole mno, na tukafika Rwamagana tumechoka sana. Saa tuliyodhani tumeipata bure tuliilipa.

MAZOEA YA PILI: SWALI

Mama mdogo alitupokea kwa furaha. Jioni ya pili nilikaa nje na kijana wa jirani wa rika langu. Alijua Kiswahili kidogo, lugha ambayo Rwanda iliifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tulizungumza habari za mpira na za masomo. Kisha nikafungua kinywa kumwuliza kabila lake, kama tuulizanavyo hapa bwenini siku ya kwanza ya muhula, tukataniana Wasukuma na Wanyamwezi, Wahaya na Wachaga, tukacheka.

Mama mdogo alikuwa akichambua mchele karibu nasi. Akanitazama kwa jicho ambalo lilinifunga mdomo, akaniita ndani nimsaidie kubeba maji ambayo hayakuhitaji kubebwa.

"Mwanangu," akaniambia, "huku swali hilo haliulizwi."

Akanieleza kwamba katika nchi ile watu walipewa na wakoloni vitambulisho vilivyoandikwa kabila, na kwamba mwaka 1994, kuanzia tarehe 7 Aprili na kwa muda wa siku zipatazo 100, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo moja juu ya karatasi lilitosha kumfanya mtu auawe kizuizini barabarani. Mamia ya maelfu waliuawa. Daraja la Rusumo, ambalo sisi tulilivuka tukishangaa maporomoko, mwaka ule lilivukwa na wakimbizi wengi ajabu kuingia Ngara.

Swali langu halikuwa na ubaya moyoni mwangu. Kwetu ni utani. Lakini neno lililo tamu kwetu laweza kuwa kidonda kwa mwenzio, na mgeni hana njia ya kujua ila kwa kusikiliza kwanza.

MAZOEA YA TATU: MKONO

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Siku ya kwanza tulishika kulia bila kosa. Tulikuwa na hofu, na hofu ni mwalimu mkali. Tena malori yalikuwa mbele yetu, nasi tuliyafuata tu kama ndama amfuatavyo mama yake. Siku ya pili na ya tatu tulizunguka hapo karibu, tukaenda kulitazama ziwa Muhazi, wala hapakuwa na tatizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi kufika siku ya nne tulijiona wenyeji. Hofu ilikuwa imekwisha, ilhali mazoea mapya yalikuwa bado hayajaingia.

Siku hiyo tuliondoka alfajiri kwenda Kigali, mwendo wa kilomita 50 hivi. Njiani Mjomba aliingia kituo cha petroli kilichokuwa upande wa kushoto wa barabara. Tukajaza. Barabara ilikuwa tupu kabisa, hapana gari mbele wala nyuma. Mjomba akatoka kituoni akakata kushoto kuelekea Kigali, akakaa upande ule ule wa kushoto, ulio karibu. Kwetu Tanzania angekuwa amefanya sawasawa kabisa. Kule ilimpasa kuvuka barabara na kushika upande wa pili.

Niliona. Nataka niseme wazi jambo hili, maana ndilo linalonifanya niandike. Niliona tangu tulipotoka kituoni kwamba tuko upande usio wetu. Nikajiambia: Mjomba anajua. Ameendesha pikipiki tangu sijazaliwa. Mimi mtoto niliyepakiwa, nani kaniuliza? Pengine ana sababu yake. Nikanyamaza.

Mbele palikuwa na kona ya kilima. Lori likatokea.

Sikumbuki honi, ingawa Mjomba asema ilipigwa. Nakumbuka taa tu. Mjomba alikanyaga breki akaitupa pikipiki kushoto, nje ya lami, tukaingia majanini, tukaangukia karibu na mtaro. Lori lilipita. Upepo wake uliniinua shati.

Tulipoinuka, Mjomba alikuwa amechubuka kiwiko na mimi goti. Kioo kimoja kilivunjika na pedali ya gia ilipinda. Hatukuvunjika mfupa, na helmeti zetu zote mbili zilikuwa vichwani. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye ndizi alikuja akatusaidia kuinua pikipiki. Hakutugombeza. Alinyosha mkono wake wa kulia akasema taratibu, "Iburyo. Iburyo." Yaani, kulia.

Mjomba alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Kisha akaniuliza:

"Uliona?"

"Niliona, Mjomba."

"Tangu wapi?"

"Tangu kituoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani wewe wajua."

Akatikisa kichwa. "Mimi najua," akasema. "Mkono wangu ndio usiojua."

HESABU YAKE

Niliporudi shuleni nilifanya hesabu ya jambo lile, nikitumia makadirio. Tuseme lori lilikwenda kilomita 60 kwa saa, sisi 40, na kona ilituonyesha mita 100 tu za barabara. Wawili wakielekeana, mwendo wao hujumlishwa: kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 28 kila sekunde.

Umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hupatikana kwa v² ÷ (2µg). Kwa pikipiki katika lami kavu, tukikadiria msuguano kuwa 0.7, umbali ni kama mita 9. Kwa lori, tukikadiria 0.5, ni kama mita 28. Jumla mita 37.

Lakini kabla ya breki mtu hupoteza muda akishangaa. Wote wawili wakipoteza sekunde 2, mita 56 zimekwisha, zimebaki 44, toa 37, wanasimama wakiwa na mita 7 katikati yao. Wakipoteza sekunde 3, mita 84 zimekwisha. Zimebaki 16 tu, na 37 zinahitajiwa. Wanagongana.

Basi tofauti ya uhai na mauti pale ilikuwa sekunde moja. Nami, kutoka kituoni mpaka kwenye kona, nilinyamaza zaidi ya sekunde 10.

Tena niligundua kwa nini hatari hii ni kubwa kwa pikipiki. Dereva wa gari akivuka mpaka na gari lake, usukani wake hukaa upande wa ukingo wa barabara, na hilo humkumbusha kila dakika kwamba yuko ugenini. Pikipiki haina upande. Usukani uko katikati, Kahama na Kigali ni ile ile. Hakuna kitu chochote kinachomkumbusha mwendeshaji ila kichwa chake mwenyewe, na kichwa huchoka.

DAWA TULIYOITUMIA

Tulinyosha pedali, Mjomba akachana kitambaa chekundu akakifunga kwenye mkono wa kulia wa usukani. Kisha akanipa kazi. Kila injini iwakapo, kabla hajatia gia, mimi niseme "Kulia!" naye aitikie "Kulia!" Asipoitikia, nimpige begani.

Mara ya kwanza niliona haya kumwamrisha mtu mzima. Lakini tulipofika Kigali niliona thamani yake. Huku kwetu ule mzunguko wa njia panda tunauita kipilefti, jina lililotokana na kibao cha Kiingereza kinachowaamuru madereva washike kushoto. Hata neno letu lina mkono wa kushoto ndani yake! Kule Kigali kipilefti huingiwa kwa kulia na magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Nilisema "Kulia!" katika kila mzunguko, na waendesha pikipiki za abiria, kila mmoja na abiria wake mmoja aliyevaa helmeti, wakatutazama kwa mshangao. Mjomba hakuona haya. Aliitikia kwa sauti.

Katika vilima vile alinifundisha pia kwamba mtu mwenye mzigo ateremke kwa gia ile ile ambayo angepandia, injini isaidie kuzuia, kwa kuwa breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Lakini somo hilo ni la vyuma. Lile la kwanza ni la watu.

Tulipovuka tena daraja la Rusumo kurudi nyumbani, Mjomba alisimama, akakifungua kitambaa, akakifunga upande wa pili. Nikasema, "Kushoto!" Akaitikia, "Kushoto!" Maana kwa siku zile chache mkono wake ulikuwa umeanza kujifunza, nasi tulikwisha kujua kwamba mkono usiaminiwe.

MAFUNZO

Kwa kifupi, mwenye kusafiri nchi ngeni kwa pikipiki ayashike haya:

1. Hatari ya kosa la mkono si kubwa pale mpakani, ambapo kila mtu yuko macho. Ni kubwa siku ya tatu na ya nne, asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu, na hasa utokapo kituo cha petroli, hotelini au uani.

2. Weka alama kwenye usukani, tena weka neno la kusemwa kila uondokapo. Usitegemee kumbukumbu.

3. Pigia hesabu jua, usipigie saa. Uwe umefika kabla ya giza.

4. Jifunze huzuni za nchi kabla hujaingia, ili usiulize kwa mzaha jambo ambalo wenyeji walilizika kwa machozi.

5. Aliyepakiwa si mzigo. Ana macho mawili, na macho hayo ni ya dereva pia.

Hilo la tano ndilo nililotaka kulisema hasa. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hamkosoi mkubwa, nami sikatai malezi hayo. Lakini nimejipima tangu siku ile, na nimeona kwamba kunyamaza kwangu hakukuwa adabu. Kulikuwa ni woga uliovaa kanzu ya adabu. Kama ningalisema, "Mjomba, samahani, nadhani upande wetu ni ule," ningalikuwa nimemheshimu zaidi kuliko kumwacha afe kwa heshima.

Walimu wetu watanisamehe nikisema kwamba jambo hili liko hata darasani. Mara ngapi mwalimu ameandika alama ya kujumlisha badala ya kutoa, darasa zima likaona, darasa zima likanakili? Nasi wa Kidato cha Nne tunakwenda kwenye mtihani wa Novemba tukiwa tumenakili.

Kwa wazazi nina ombi moja dogo. Mjomba alinipa ruhusa ya kumwambia "Kulia!" baada ya kuanguka. Wapeni watoto wenu ruhusa hiyo kabla ya safari kuanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne